Chenji Yenu Chukueni

Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya mkutano wa watu wanaojitolea na vikundi vya ushonaji. Wengi mlikosa kufika, mkaniomba niyaandike, nami nimeyaandika karibu kama yalivyotoka. Picha za ukutani nimeziacha. Hamkukosa kitu, nyingi zilikuwa na ukungu.

Mama zangu, dada zangu, na ninyi kaka wachache mliokaa karibu na mlango kana kwamba mnajiandaa kukimbia: habari za asubuhi.

Naanza kwa swali. Ni wangapi humu mmewahi kununua kitu kilichotengenezwa na mwanamke mkimbizi? Inueni mikono. Karibu wote, asanteni sana. Shusheni. Sasa, ni wangapi mnakitumia kitu hicho? Si kwamba mnacho. Mnakitumia. Naona mikono mitano, na yule mama pale ameinua nusu.

Kati ya mikono ile ya kwanza na hii mitano ndipo ilipo hotuba yangu yote.

Mimi ni fundi cherehani. Nimeshona miaka 26, na miaka 9 ya mwisho nimeshona pamoja na wanawake waliokimbia makwao. Mwaka wetu wa kwanza tulifanya mauzo ya siku moja: kofia, skafu, mikoba, vitambaa vya meza. Tukatundika bango kubwa lenye maneno mawili, "Wasaidie Wakimbizi." Kufikia saa nane mchana meza zilikuwa nyeupe. Watu walitoa noti kubwa na chenji hawakutaka kuiona. "Acha tu mama, weka." Tulirudi tukiimba.

Mwaka uliofuata tukatengeneza mara tatu ya vile. Mahali palepale, bango lilelile, watu walewale. Walikuja, wakatusalimu kwa upendo, wakauliza kama watoto hawajambo, wakapita. Mmoja akaniambia waziwazi: "Dada, ile skafu ya mwaka jana bado iko kwenye mfuko wake." Ningemlaumu vipi? Ana shingo moja.

Huruma hununua mara moja, ndugu zangu. Huruma hairudi wiki ijayo kuuliza kama mnayo ya bluu.

Kuna jingine kuhusu siku ile ya kwanza, na hili lilinichukua muda kulielewa. Tulipokuwa tunahesabu pesa, mama mmoja wa kikundi, aliyekuwa na duka la vitambaa kabla ya vita, aliniuliza: "Kwa nini hawakuchukua chenji? Wanadhani hatujui kuhesabu?" Nilicheka. Yeye hakucheka.

Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilihesabu watu zaidi ya milioni 120 waliokuwa wamelazimika kuyahama makazi yao kufikia mwisho wa mwaka 2024, ndani ya nchi zao na nje. Karibu theluthi mbili ya wakimbizi wako katika ile hali inayoitwa ya muda mrefu, maana yake kundi kubwa la taifa moja limekaa uhamishoni miaka 5 au zaidi. Miaka mitano! Mtoto aliyezaliwa siku ya kufika sasa anaulizia sare ya shule. Je, mauzo ya siku moja kwa mwaka yatamvisha? Bango letu lilikuwa na jibu la siku moja kwa swali la miaka mitano.

Sasa nikiri kosa langu kubwa zaidi, maana nyote mnaoanzisha madarasa mko njiani kulirudia.

Darasa letu la kwanza tuliandika majina, tukagawa sindano, na somo la kwanza likawa namna ya kutunga uzi. Kulikuwa na mama mmoja mtu mzima, mnyamavu, ambaye lugha yetu hakuijua. Hakukosa siku hata moja. Alitunga uzi. Alishona mistari iliyonyooka juu ya karatasi kama tulivyoelekeza. Alifumua mshono, akashona tena. Wiki ya 11, cherehani yangu ikaanza kuleta ukaidi, uzi wa chini ukawa unatokeza juu ya kitambaa. Nikabadilisha sindano. Nikatunga upya. Nikailaumu mashine kwa sauti. Yule mama akainuka, akanisogeza kwa bega, kwa adabu lakini akanisogeza. Akatoa kikopo cha bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, akakipuliza vumbi, akakaza ile skrubu yake ndogo robo mzunguko, akajaribu kwenye kipande cha kitambaa, akakitazama pande zote mbili. Kisha akarudi kwenye kiti chake, kwenye karatasi yake yenye mistari.

Tulipompata mkalimani ndipo tukajua. Miaka 20 alikuwa akishona magauni ya maharusi, na alikuwa na wanagenzi wake mwenyewe. Nami wiki 11 nimemfundisha kutunga uzi!

Nikamuuliza, mama, mbona hukusema? Akajibu: "Mlikuwa mnafurahi sana kunifundisha."

Naomba mkae na jibu hilo kidogo.

Mafunzo yanatupendeza sisi. Yana tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza, yana cheti, yana picha ya pamoja. Nimewahi kumwona mwanamke mwenye vyeti vinne vya ushonaji na hana cherehani. Kabla ya kumfundisha mtu, muulize. Ulikuwa unafanya nini? Mikono yako inajua nini? Na kama hamwelewani kwa lugha, mpe kitambaa na mkasi, kisha nyamaza utazame anavyoushika mkasi. Fundi hajifichi pale.

Hayo si mageni duniani. Wanawake wa Kipalestina waliokimbia mwaka 1948 hawakubeba samani, ila walibeba mikononi mwao udarizi uitwao tatreez, ambao mtu anayeujua angeweza kutazama kifua cha gauni akajua mvaaji anatoka sehemu gani. Mwaka 1950 UNRWA, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi wa Kipalestina, likaanzisha huko Gaza mradi wa Sulafa ili wanawake hao wapate kipato kwa udarizi huohuo. Hakuna aliyewafundisha kudarizi. Walichohitaji ni uzi, kitambaa na njia ya kumfikia mnunuzi. Mwaka 2021 UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, ikauingiza udarizi huo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

Au chukueni Wahmong, watu wa milimani waliotoka Laos baada ya 1975 wakavuka mto Mekong kuingia Thailand. Udarizi wao wa asili ulikuwa wa maumbo, miraba na mizunguko, kwa ajili ya nguo zao wenyewe. Katika kambi kama Ban Vinai wakaanza kitu kipya, vitambaa vyenye watu na wanyama na ndege za kivita, hadithi nzima ya kukimbia imeshonwa. Mara nyingi wanaume walichora, wanawake wakadarizi. Vilikwenda hadi Marekani kupitia ndugu na mashirika. Tena wakapunguza ukali wa rangi, kwa sababu waligundua wanunuzi wa kule wanapenda rangi tulivu zinazokubaliana na sebule zao. Wapo waliosikitika kwamba utamaduni umeuzwa. Mimi nasikiliza masikitiko hayo kwa heshima, ila huwa nauliza, aliyesikitika alikuwa amekula?

Sasa tuje kwenye uzi, maana nawaona wafumaji safu ya pili wameanza kunitazama vibaya.

Uzi una uungwana ambao cherehani haina. Cherehani inataka meza, kiti, mwanga, na mtoto asiyevuta waya. Uzi unaingia kwenye mfuko. Unafuma ukiwa kwenye foleni, ukiwa unanyonyesha, ukiwa umeambiwa kuhama kesho. Ndiyo maana wanawake wengi walioko njiani huanza na uzi, na ndiyo maana uzi unawanyonya kimyakimya.

Binti mmoja wetu alifuma sungura kwa kulabu, wa krosheti, masikio marefu, uso wa kuchekesha, mtu akimwona lazima amshike. Nikamuuliza, utamuuza kiasi gani? Akahesabu bei ya uzi, akazidisha mara mbili. Saa je? Umetumia saa ngapi? Akanishangaa. "Saa zipi? Nafuma nikiwa nimekaa tu."

Nimekaa tu! Mmesikia? Ni mwanamume gani umewahi kumsikia anatengeneza kiti kisha akasema nilikuwa nimesimama tu?

Tukampa daftari. Kila akishika kulabu anaandika, kila akiiweka chini anaandika. Sungura yule alikula saa 9. Tukatoa uzi, tukatoa pamba ya kujazia, tukatoa macho, kilichobaki tukakigawa kwa 9. Ujira wa saa moja haukufika hata nusu ya donge la uzi. Alikuwa anafanya kazi karibu bure, na sisi tulikuwa tunampigia makofi.

Hapo kuna jambo la mashine ambalo kila mfumaji anapaswa kulijua. Kufuma kwa sindano mbili kulipata mashine zamani sana. Mwingereza William Lee alibuni ya kwanza mwaka 1589, ya kufuma soksi. Kwa hiyo anayefuma sweta nyepesi lisilo na urembo kwa mkono anashindana na mitambo yenye uzoefu wa zaidi ya miaka 400, na kwa bei hatashinda. Lakini krosheti haina kiwanda. Hadi leo krosheti halisi unayoiona dukani imetoka mikononi mwa mtu. Habari njema? Nusu. Maana yake ukiona kile kitambaa cha krosheti kinauzwa kwa bei ya kutupa, ujue hakuna mtambo uliookoa muda pale. Yupo mtu mahali fulani ambaye saa zake hazikuhesabiwa, na binti yetu anashindana naye.

Tulifanya nini? Sungura akawa wa kuagizwa tu, kwa bei ya saa zake zote. Bei ile ilinitisha hata mimi, na bado wakajitokeza wanunuzi watatu. Siku nyingine binti anafuma vining'inio vya funguo, kimoja dakika 40, na kule hesabu inakubali. Hapendi sana. Ananiambia vinamchosha akili. Ni kazi, namjibu, na kazi nyingi zinachosha akili.

Nikiwa hapo niseme moja haraka. Huwa tunaambiwa kufuma kunatuliza moyo wa aliyeona mabaya. Kwa baadhi ni kweli, nimewaona wakishusha pumzi kadiri mistari inavyoongezeka. Wengine uzi unawapa nafasi ya kukumbuka, hawautaki kabisa. Kwa vyovyote, utulivu usiingizwe kwenye hesabu ya mshahara. Mwenye nyumba hapokei utulivu.

Bidhaa nzuri haitoshi, lazima zifanane. Tulipata agizo la mikoba 60. Sitasahau. Tulishona usiku na mchana, tukafunga, tukapeleka. Ikarudi 22. Mingine mipana, mingine myembamba, mmoja zipu yake ilifunguka kuelekea upande wa pili. Mnunuzi hakuwa mbaya, alihitaji mikoba 60 inayofanana na tulimpa 38. Kisa ni nini? Kila mtu alikata kwa jicho lake. Wote walikuwa mafundi, na kila fundi ana jicho lake.

Leo kwenye msumari ukutani imening'inia patani moja, kiolezo cha kukatia, ya kadibodi ngumu, na hakuna anayekata bila hiyo, hata mimi. Wafumaji nao kabla ya kofia ya kwanza wanafuma kipande cha sentimita 10 kwa 10 na kuhesabu vitanzi, kwa sababu huyu anavuta uzi kwa nguvu na yule anaulegeza, na sindano ileile, uzi uleule, vinatoa kofia ya mtoto na kofia ya baba yake. Tena wanaangalia namba ya bechi kwenye lebo ya uzi, yaani uzi uliotiwa rangi kwa pamoja. Nyekundu ya bechi hii na nyekundu ya bechi ile ukiziweka pamoja juani zinagombana.

Hasara ya mikoba 22 tuliigawana, nami nikiwemo. Mfadhili mmoja alitaka kuifidia na tukakataa. Ilikuwa siku ngumu, na pia siku ambayo kikundi kilianza kujiona kama biashara.

Kuhusu cherehani nitapita upesi. Tuliwahi kuletewa sita za umeme, na pale tulipokuwa umeme ulikuja kama mgeni mwenye haraka. Zikaja bila sindano za akiba. Ile ya miguu tuliyokuwa nayo mkanda ukakatika, ikakaa miezi mitatu ikiwekewa vikombe juu. Mkitaka kutoa cherehani, toeni pamoja na mikanda, sindano, bobini, mafuta, na mtu wa kuitengeneza. Na si lazima iwe bure. Kampuni ya Singer, iliyotokana na hataza, ile hati ya kumlinda mbunifu, ya mwaka 1851, ilieneza cherehani majumbani kwa kuziuza kwa awamu tangu miaka ya 1850. Mwanamke aliyemaliza awamu zake anaifunika cherehani jioni kwa namna tofauti. Nendeni mkaangalie.

Miaka 100 kamili baada ya hataza hiyo, mwaka 1951, mjini Geneva, ukapitishwa Mkataba kuhusu Hali ya Wakimbizi. Ibara ya 17 inahusu kazi ya ajira. Ibara ya 18 inahusu kujiajiri, na inataja kwa maneno yake kilimo, viwanda, kazi za mikono na biashara. Kazi za mikono zimo! Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi ni hodari wa kugawa majembe. Na shamba je? Nchi nyingi ziliweka masharti yao kwenye ibara ya 17, na hata pasipo na masharti mtu anaweza kushona mchana kutwa na asiruhusiwe kusajili biashara, kufungua akaunti, wala kutoka kambini kwenda kununua uzi. Kabla ya kununua cherehani ya kwanza, tafuteni mwanasheria wa kuwaeleza ya hapo mlipo. Mwaka 2018 shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilizindua mpango wa MADE51, ambao namba yake inaukumbuka mwaka huohuo wa mkataba, ukiunganisha mafundi wakimbizi na kampuni za kijamii, zile zinazofanya biashara kwa manufaa ya jamii, za nchi wanamoishi, ili hizo kampuni zibebe mzigo wa kuuza nje na makaratasi. Si kila mahali yupo mshirika wa namna hiyo. Alipo, mtafuteni.

Na pesa ikilipwa, inaingia wapi? Tulikuwa tunamlipa mama mmoja kwa simu, miezi saba. Siku moja akaniuliza kwa upole mshahara wake utaanza lini. Laini ilikuwa kwa jina la shemeji yake. Mimi ndiye niliyeiandika namba ile kwenye fomu, na sikuuliza ni ya nani. Sasa tunauliza, tena faraghani. Wanawake wenyewe wakaanzisha kikundi cha kuweka na kukopa, na sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu. Mimi sina hata mmoja. Niliomba, wakanikatalia.

Nimeacha la mwisho lile ambalo hakuna anayelipiga picha.

Mnajua kikundi chetu kinaishi kwa nini? Si mikoba. Si sungura, Mungu ambariki. Ni kufupisha suruali. Ni zipu zilizokufa, pindo zilizofumuka, kiraka cha goti, sare ya mtoto aliyerefuka katikati ya muhula. Kazi hiyo haitaki mtaji wa kitambaa, pesa inalipwa siku hiyohiyo, na mteja anarudi. Anarudi kwa nini? Kwa sababu nguo huchanika bila huruma. Hamwulizi fundi ametoka nchi gani, anauliza itakuwa tayari saa ngapi. Nusu ya wateja wetu ni wakimbizi wenyewe. Yule mama wa magauni ya maharusi ndiye anayesimamia meza ya marekebisho, na amekwisha kumfukuza mteja mmoja aliyebishana naye juu ya urefu wa suruali. Siku mbili baadaye mteja akarudi, akakiri kuwa mama alikuwa sahihi.

Katika mwaliko niliwaomba kila mmoja aje na nguo moja mbovu kutoka kabatini. Naona mifuko, asanteni. Meza iko pale mlangoni, foleni inaanzia kushoto, na bei zimebandikwa ukutani. Msiombe kupunguziwa. Na chenji yenu chukueni.